Fumbo la Mwanga, Kutoka Mlima Kenya hadi Ngomeni

Tarehe 3 Desemba 1849, Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa na makao yake Rabai karibu na Mombasa, alikuwa Ukambani, upande wa Kitui. Mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mzee wa Kikamba ambaye misafara yake ya pembe za ndovu ilifahamika hadi pwani. Siku hiyo mawingu yalikuwa yameondoka. Krapf akatazama kaskazini-magharibi, na mbali sana, zaidi ya kilomita 100 kutoka aliposimama, akauona mlima mkubwa wenye vilele viwili vilivyochongoka. Juu yake palikuwa na weupe. Akaandika kwamba ni theluji.

Kwa Kivoi hiyo haikuwa habari mpya. Yeye ndiye aliyemsimulia mgeni wake juu ya mlima huo. Na kwa Wakikuyu walioishi chini yake, Kĩrĩnyaga, kama walivyouita, palikuwa makao ya Ngai, Mungu wao, na wazee waliposali waliuelekea. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, tarehe 11 Mei 1848, mwenzake Krapf, Johannes Rebmann, alikuwa ameuona weupe wa namna hiyohiyo juu ya Kilimanjaro. Alipomuuliza kiongozi wake wa msafara, Bwana Kheri, kitu kile ni nini, aliambiwa tu kwamba ni baridi.

Huko London habari hizi hazikupokelewa vizuri. William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyeheshimiwa ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki, aliona ni jambo lisilowezekana theluji kudumu karibu na ikweta. Mwaka 1852 alichapisha kitabu kuhusu bara la ndani la Afrika, na ndani yake akaikana theluji ya wamisionari. Aliendelea kuikana kwa miaka mingi, hata baada ya wengine kurudi na ushahidi.

Ukiuangalia kwa makini, ugomvi ule ulihusu mwanga. Krapf hakuishika theluji ya Mlima Kenya, wala hakuisikia baridi yake. Kitu pekee kilichotoka kileleni kikamfikia ni mwanga uliopita juu ya nyika na kuingia machoni mwake kwa muda wa karibu sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde. Swali halisi lilikuwa hili: je, mwanga unaweza kuaminiwa kuleta habari za kitu ambacho hujakigusa? Na kabla ya kulijibu, mtu angepaswa kujua mwanga wenyewe ni kitu gani. Mwaka 1849 hakuna aliyejua. Wakati huo wanafizikia wa Ulaya walikuwa katikati ya ubishi mkali kuliko ule wa theluji, na ubishi wao ulikuja kuwa na tawi lake hapa Kenya, kwenye maji ya Ngomeni na kwenye mapaa ya mabati ya Chaka.

Mwaka huohuo wa 1849, Mfaransa Hippolyte Fizeau alikuwa amefanya jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya akiwa duniani bila kutegemea sayari na nyota: alipima mwendo wa mwanga. Katika nyumba moja ya Suresnes, nje kidogo ya Paris, aliweka taa na gurudumu lenye meno 720. Juu ya kilima cha Montmartre, mita 8,633 kutoka hapo, akaweka kioo. Mwanga ulipita katika pengo kati ya meno mawili, ukaenda hadi kwenye kioo na kurudi. Gurudumu lilipozungushwa taratibu, mwanga uliorudi ulipenya pengo lilelile na kuonekana. Lilipofikia karibu mizunguko 12.6 kwa sekunde, jino lilikuwa limekwisha kuingia njiani kabla mwanga haujarudi, na mtazamaji akaona giza. Kutokana na hapo Fizeau akapata zaidi ya kilomita 310,000 kwa sekunde. Alizidisha kidogo tu: kipimo kinachotumiwa leo ni kilomita 299,792.458 kwa sekunde, na tangu 1983 urefu wa mita moja wenyewe hufafanuliwa kwa kipimo hicho.

Kujua mwendo wa kitu si kujua kitu chenyewe. Mapema sana, mwanzoni mwa karne ya 11, Ibn al-Haytham, mwanazuoni wa Basra aliyefanya kazi Cairo, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba macho hayarushi miale ya kuvipapasa vitu. Ni mwanga unaotoka kwenye vitu ndio huingia machoni. Baada yake wataalamu waligawanyika. Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1704, alielekea kuamini kwamba mwanga ni chembe ndogo ziendazo moja kwa moja. Mholanzi Christiaan Huygens alikuwa ameandika mwaka 1690 kwamba ni mawimbi. Heshima ya Newton ilikuwa kubwa mno hivi kwamba chembe zilitawala kwa karne nzima.

Kisha, mwanzoni mwa karne ya 19, daktari Mwingereza Thomas Young akapitisha mwanga katika njia mbili nyembamba zilizokaribiana. Kama mwanga ungekuwa chembe tu, ukutani pangetokea mistari miwili. Yeye aliona mistari mingi, mweupe na mweusi, mweupe na mweusi. Yaani kulikuwa na mahali ambapo mwanga ulioongezwa juu ya mwanga ulileta giza. Chembe haziwezi kufutana hivyo. Mawimbi yanaweza: moja likiinuka pale ambapo jingine linashuka, yote mawili hupotea. Mwaka 1850 Léon Foucault akagonga msumari mwingine alipoonyesha kwamba mwanga huenda polepole zaidi majini kuliko hewani, kinyume kabisa cha walivyotarajia wafuasi wa Newton. Ubishi ulionekana umekwisha. Mwanga ni mawimbi.

Mawimbi hayo ndiyo yanayoueleza vizuri weupe alioukana Cooley. Ukichukua kipande cha barafu safi kutoka mto wa barafu wa Lewis, chini ya kilele cha Lenana, ukakiinua mbele ya jicho, utaona hakina weupe wowote. Utaona mawe ya upande wa pili. Theluji imefanyika kwa maji yaleyale, lakini ni fuwele ndogo zisizohesabika zilizotenganishwa na hewa. Kila mwanga unapovuka kutoka hewani kuingia kwenye fuwele, mwendo wake hubadilika, kama Foucault alivyoonyesha kwa maji, na kwa sababu hiyo sehemu yake hupinda na sehemu nyingine hurudi. Baada ya kupita nyuso nyingi namna hiyo, mwanga hutoka nje kila upande, nyekundu, kijani na buluu kwa kiasi kilekile, na jicho huona nyeupe. Ndani ya nyufa za mto wa barafu, ambako mwanga umesafiri mita kadhaa ndani ya barafu iliyoshikamana, rangi nyekundu hunyonywa zaidi na kinachotoka ni buluu. Wapanda mlima wanaijua buluu hiyo, ingawa sasa ni vigumu kuiona. Mto wa barafu wa Lewis ulipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010, na mwamba mweusi unaobaki wazi hunyonya mwanga ambao theluji ingeurudisha angani.

Kuhusu theluji yenyewe, ushahidi wa waliopanda ulimaliza mambo. Baron Karl Klaus von der Decken alifika juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro mwaka 1861 na tena 1862, na theluji ikamwangukia. Joseph Thomson aliuona Mlima Kenya kutoka Laikipia mwaka 1883. Mwaka 1887 Mhungaria Sámuel Teleki akaupanda hadi zaidi ya mita 4,000. Mwaka 1893 John Walter Gregory akafika kwenye mito ya barafu, na tarehe 13 Septemba 1899 Halford Mackinder akakanyaga Batian, mita 5,199, pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel. Krapf na Rebmann walikuwa wamesema kweli. Mwanga ulikuwa umewaletea habari sahihi.

Lakini mwaka uleule wa 1887 ambapo Teleki alikuwa akipanda miteremko ya Mlima Kenya, katika maabara moja ya Karlsruhe, Ujerumani, likatokea jambo lililofungua upya kesi iliyodhaniwa imefungwa.

Heinrich Hertz alikuwa akifanya majaribio ya kuthibitisha nadharia ya James Clerk Maxwell, kwamba mwanga ni mawimbi ya umeme na sumaku. Alifanikiwa; mawimbi ya redio yanayoleta habari na muziki katika kila duka la Nyeri yana mizizi yake pale. Ila katikati ya kazi hiyo aliona kitu kidogo asichokitarajia. Cheche za mtambo wake ziliruka kwa urahisi zaidi pale mwanga wa urujuanimno ulipoangukia metali. Aliandika alichokiona akaendelea na kazi yake. Baadaye ikabainika kwamba mwanga hung'oa elektroni kutoka kwenye metali, na kwamba hufanya hivyo kwa namna ambayo mawimbi hayawezi kuieleza. Mwanga mwekundu, hata uwe mkali kiasi gani, haung'oi chochote kwenye metali nyingi. Mwanga wa urujuanimno, hata uwe hafifu, hung'oa papo hapo. Kama mwanga ungekuwa wimbi tu, wimbi kubwa jekundu lingepaswa kukusanya nguvu pole pole hadi elektroni itoke.

Machi 1905 karani wa ofisi ya hataza mjini Bern, Albert Einstein, alituma makala iliyosema kwamba nishati ya mwanga huja kwa vipande, na ukubwa wa kila kipande hutegemea rangi. Kipande cha mwanga mwekundu ni kidogo, cha buluu ni kikubwa, cha urujuanimno kikubwa zaidi. Elektroni hupokea kipande kimoja kwa wakati mmoja. Ni kama mtu anayetaka kuvuka mtaro wa futi nne: miruko kumi ya futi moja haimvushi. Wakubwa wa fizikia hawakulikubali jambo hilo. Robert Millikan wa Marekani alitumia miaka akipima ili aonyeshe Einstein amekosea, na mwaka 1916 vipimo vyake mwenyewe vikaonyesha kwamba hesabu ya Einstein ni sahihi. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921 ilipewa Einstein kwa kazi hii, si kwa nadharia ya uhusiano iliyompa umaarufu. Vipande hivyo vikaja kuitwa fotoni.

Hapo ndipo fumbo lilipokuwa zito. Majaribio ya Young hayakufutwa. Yalikuwa kweli, na bado ni kweli. Mwaka 1909 Geoffrey Taylor, mjini Cambridge, alipiga picha ya kivuli cha sindano kwa mwanga hafifu mno, akiiacha picha kwa muda unaofikia saa 2,000 hivi, kiasi kwamba kwa hesabu ya Einstein ilikuwa nadra fotoni mbili kuwa njiani kwa pamoja. Mistari ya mwanga na giza ilitokea vilevile. Fotoni zinapita moja moja, na kila moja inagonga mahali pamoja tu, lakini zikijumlishwa zinapanga mistari ambayo wimbi pekee ndilo lingeipanga. Hesabu za fizikia ya kwanta huweza kutabiri mistari hiyo kwa usahihi wa ajabu. Fotoni moja inafanya nini njiani kabla haijagonga, wanafizikia wenyewe hawajakubaliana hadi leo.

Mwanga wa macho haukuwa peke yake katika shauri hili. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895, na kwa miaka 17 watu walibishana kama ni mawimbi au chembe. Mwaka 1912 Max von Laue na wenzake wakazipitisha katika fuwele, zikatoa madoa yaliyopangika: mawimbi, bila shaka. Mwaka 1923 Arthur Compton akazigonganisha na elektroni, zikapoteza nishati na kubadili mwelekeo: chembe, bila shaka. Eksirei ni mwanga uleule wenye fotoni kubwa kuliko zile zinazoonekana kwa macho. Na ni kwa eksirei ndipo Kenya ilipoingia rasmi katika historia hii.

Kaskazini ya Malindi, mbele ya kijiji cha wavuvi cha Ngomeni, Wataliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma walisimamisha majukwaa ya chuma baharini katika miaka ya 1960. Jukwaa la kurushia roketi liliitwa San Marco. Walilichagua eneo hilo kwa sababu liko chini ya digrii tatu kusini mwa ikweta. Hapo dunia inavyojizungusha hukisukuma kila kitu kuelekea mashariki kwa karibu mita 465 kwa sekunde, na roketi hupata msukumo huo bure. Pia setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya chembe za mionzi zilizonaswa na usumaku wa dunia, ambazo vifaa vya kuhesabia eksirei huzidhania kuwa ni ishara. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya Italia, San Marco 2, ilirushwa kutoka hapo.

Mtu aliyelihitaji jukwaa hilo kuliko wengine alikuwa Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa aliyekuwa akifanya kazi Marekani. Mwezi Juni 1962 yeye na wenzake walirusha roketi ndogo iliyokaa juu ya anga kwa dakika chache tu, ikakuta eksirei zikitoka upande wa kundi la nyota la Nge. Hewa ya dunia huzuia eksirei zote za angani, jambo ambalo ni rehema kwa viumbe hai na kikwazo kwa wanaastronomia. Dakika chache za roketi hazikutosha. Kilichohitajika ni chombo kinachokaa juu mwaka mzima na kuipekua anga yote.

Chombo hicho kilirushwa kwa roketi ya Scout kutoka San Marco tarehe 12 Desemba 1970. Ilikuwa mara ya kwanza kwa setilaiti ya Marekani kurushwa na watu wa nchi nyingine. Jina lake la kiofisi lilikuwa SAS-1, lakini siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, na Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo huko NASA, akakipa jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Jina hilo la Kiswahili ndilo linalosomwa hadi leo katika vitabu vya unajimu wa kisayansi duniani kote.

Uhuru ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi. Haikuwa na kioo wala lenzi. Ilikuwa na visanduku vya metali vyenye gesi, vikiangalia pande mbili zinazopingana, na mbele yake vijia vyembamba vilivyozuia miale isiyotoka mbele moja kwa moja. Kila fotoni ya eksirei iliyoingia iling'oa elektroni kwenye gesi, mpigo mdogo wa umeme ukatokea, na mpigo ukahesabiwa. Moja. Nyingine. Nyingine. Setilaiti ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, ikifagia anga kwa mistari.

Mwanga ulihesabiwa kwa vipande, na humo ndimo uvumbuzi ulimotoka. Katika chanzo kiitwacho Centaurus X-3, fotoni hazikuja kwa mfululizo sawa. Zilikuja kwa mipigo, mmoja kila baada ya sekunde 4.84, na kila baada ya siku mbili na kidogo mipigo ilikatika kwa muda kisha ikarudi. Maelezo yaliyosimama ni kwamba kule kuna nyota iliyobanana mno, nyota ya nyutroni, inayojizungusha kama mnara wa taa na kuzibwa kila mara na nyota kubwa inayoandamana nayo. Katika Cygnus X-1 hali ilikuwa tofauti. Idadi ya fotoni ilipanda na kushuka ovyo, mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Hapo kipimo alichoanza kukisaka Fizeau mwaka 1849 kikafanya kazi asiyoiwazia. Kitu hakiwezi kubadilika chote kwa pamoja kwa haraka kuliko muda ambao mwanga unahitaji kukivuka. Kikibadilika ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, upana wake hauzidi kilomita 30,000, na nyota ya kawaida ni kubwa kuliko hapo mara nyingi sana. Wanaastronomia walipopima mwendo wa nyota kubwa iliyo pamoja nacho, uzito wake ulionekana kuzidi ule ambao nyota yoyote ya nyutroni ingeweza kuubeba. Cygnus X-1 ikawa kitu cha kwanza kukubaliwa na wengi kuwa shimo jeusi.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Giacconi alipata Nobel mwaka 2002. Kutoka jukwaa lilelile zilifuata SAS-2 mwezi Novemba 1972, iliyonasa fotoni za gama, kubwa kuliko eksirei, kisha Ariel V ya Uingereza mwaka 1974 na SAS-3 mwaka 1975.

Miezi mitatu baada ya Uhuru kunyamaza, kivuli cha mwezi kilivuka Afrika. Tarehe 30 Juni 1973 jua lilipatwa kikamilifu kutoka Mauritania hadi kaskazini mwa Kenya, na wanasayansi wa mataifa mbalimbali walipiga kambi Loiyangalani, kando ya ziwa ambalo wakati huo liliitwa Rudolf na sasa ni Turkana. Siku hiyohiyo, huko Mauritania, kikundi cha Wamarekani kilipiga picha za nyota zilizo karibu na jua ili kupima tena kama uzito wa jua hupinda njia ya mwanga, jambo ambalo Arthur Eddington alilipima kwa mara ya kwanza katika kisiwa cha Príncipe, pwani ya magharibi ya Afrika, mwaka 1919. Chembe au wimbi, mwanga hupinda ukipita karibu na kitu kizito.

Turudi kwenye mlima. Tangu 1999, kwenye mteremko wa Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya bahari, kuna kituo cha Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kinachochunguza hewa ya ukanda wa ikweta kwa ajili ya mtandao wa dunia nzima. Ozoni hupimwa hapo kwa mwanga. Hewa huvutwa ndani ya bomba, taa ya zebaki ikamulika urujuanimno kutoka ncha moja, na kifaa kwenye ncha ya pili hupima kiasi kilichofika. Molekuli ya ozoni humeza fotoni za ukubwa fulani na kuziacha nyingine zipite. Kilichopungua njiani ndicho kipimo cha ozoni.

Upande wa mashariki wa mlima huohuo, katika shule ya sekondari ya Karamugi, Meru, mwanga ulikuwa umeanza kazi nyingine mwaka 1984. Shule hiyo ya harambee ilitaka umeme, na njia iliyozoeleka ilikuwa jenereta ya dizeli. Mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, Mark Hankins, na mhandisi Mmarekani Harold Burris waliushawishi uongozi ununue sola badala yake. Taa zikawaka madarasani. Walimu na wakulima wa kahawa waliokuwa na pesa na televisheni zilizotumia betri za gari wakaona, wakataka vyao. Kufikia miaka ya 1990 Kenya ilikuwa ikitajwa duniani kwa jinsi familia za vijijini zilivyojinunulia sola kwa pesa zao wenyewe, na vijiji vya pande za Mlima Kenya vilikuwa mbele.

Chaka iko upande wa pili, kwenye barabara ya kwenda Nanyuki katika eneo la Kieni, kati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Mlima huonekana alfajiri na mapema asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika. Ni mji wa soko, na paneli za sola huuzwa na kufungwa hapo kila siku. Jambo ambalo Einstein aliliandika mwaka 1905 linaweza kuonekana hapo kwa macho, kwa mita ya umeme ya kawaida aliyo nayo kila fundi.

Paneli ndogo ya wati 50 ikiwekwa juani saa sita mchana, mita ikipima nguvu ya msukumo husoma karibu volti 21. Ikipimwa mkondo, husoma karibu ampea 3. Likija wingu, hasa Julai wakati ukungu na baridi vinapotanda Nyeri yote, mkondo huanguka vibaya, pengine hadi nusu ampea. Volti hazianguki hivyo. Hubaki karibu 19 au 20. Mteja asiyejua hudhani mita ina kasoro, au fundi anamdanganya. Mita haina kasoro. Ndani ya silikoni, kila fotoni inayotosha huikomboa elektroni moja. Wingu limepunguza idadi ya fotoni, kwa hiyo elektroni zinazotembea ni chache na mkondo ni mdogo. Lakini kila fotoni iliyopenya wingu ina nishati ileile iliyokuwa nayo jua lilipokuwa wazi, na msukumo unaoipa elektroni ni uleule kwa karibu. Fotoni za infraredi zenye urefu wa wimbi unaozidi nanomita 1,100 hivi hazifanyi chochote, ziwe nyingi kiasi gani. Ni kama ile miruko ya futi moja mtaroni. Seli ya kwanza ya silikoni yenye manufaa, iliyoonyeshwa katika maabara za Bell huko Marekani mwezi Aprili 1954, ilifuata kanuni hiyohiyo na kugeuza asilimia 6 hivi ya mwanga kuwa umeme.

Usiku mambo hugeuka. Betri husukuma elektroni kwenye taa ya LED, na elektroni inayoanguka huweza kutoa fotoni moja. LED nyekundu huanza kuwaka ikipata karibu volti 1.8, na ya buluu haiwaki hadi ifike karibu volti 2.6, kwa sababu fotoni ya buluu ni kubwa na hulipiwa bei kubwa zaidi. LED ya buluu yenye mwanga mkali ilichukua miaka mingi kupatikana. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura mzaliwa wa Japani, walituzwa Nobel mwaka 2014 kwa kazi hiyo, na bila hiyo taa nyeupe za LED zisingekuwepo. Mwanafunzi wa sekondari mwenye LED tatu za rangi tofauti, betri, kizuizi cha kurekebishwa na mita anaweza kuandika volti ambazo kila moja huanza kuwaka, akachora grafu dhidi ya masafa ya rangi zake, na mteremko wa mstari huo, ukizidishwa kwa chaji ya elektroni, ukampa namba ya Planck, ile inayounganisha wimbi na kipande. Kupata masafa hayo, kwanza itambidi apime urefu wa wimbi wa kila LED, na njia ya kuupima ni kuupitisha mwanga wake katika mianya myembamba na kuhesabu mistari ya Young.